Leonardo da Vinci na Picha Iliyotundikwa Sebuleni Kwetu



Wapendwa wasomaji, ipo picha moja ambayo karibu kila familia ya Kikatoliki hapa kwetu inaifahamu. Tunaikuta sebuleni juu ya kabati la vyombo, kwenye kalenda ya parokia, kwenye kitambaa cha ukutani kinachouzwa sokoni, na wakati mwingine imechongwa kwenye ubao. Ni meza ndefu yenye kitambaa cheupe, Bwana Yesu katikati, na Mitume kumi na wawili, sita upande huu na sita upande ule. Tunaiita Karamu ya Mwisho. Lakini ukimwuliza mwenye nyumba ni nani aliyeichora, iko wapi, na inaonyesha dakika gani ya jioni ile, mara nyingi atacheka na kusema kwamba aliikuta kwa marehemu mama yake.

Picha hiyo hiyo imeigizwa katika filamu, katuni na matangazo ya biashara duniani kote. Mwaka 2003 Mmarekani Dan Brown alitoa riwaya iliyodai kwamba ndani yake imefichwa siri kuhusu Bwana Yesu na Maria Magdalena, na mwaka 2006 riwaya hiyo ikawa filamu. Vijana wa parokia zetu wameiona, na maswali yao yanatufikia. Zaidi ya hayo, ipo hadithi juu ya picha hii ambayo wengi wetu tumeisikia mimbarini, na hata sisi tunaojiandaa kuhubiri tumewahi kuisimulia. Kwa sababu hizo tumeona vema tueleze maisha ya aliyeichora, Leonardo da Vinci, ili tunapoitazama picha yake tujue tunatazama nini.

Utoto na ujana wake

Leonardo alizaliwa tarehe 15 Aprili 1452 karibu na mji mdogo wa Vinci, katika mkoa wa Toscana nchini Italia. Jina da Vinci maana yake ni wa kutoka Vinci tu. Baba yake, Ser Piero, alikuwa mthibitishaji wa hati za kisheria. Mama yake aliitwa Caterina, na hawakuwa wamefunga ndoa. Hata hivyo mtoto hakufichwa. Babu yake, mzee Antonio, aliandika siku na saa ya kuzaliwa kwake, jina la padre aliyembatiza, na majina ya walioshuhudia ubatizo huo. Leonardo alilelewa katika nyumba ya babu huyo.

Kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa, njia ya kazi ya baba yake haikuwa wazi kwake, wala hakupelekwa shule za Kilatini kama watoto wa wasomi. Alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na mengine akayapata kwa kutazama maji, ndege, farasi na nyuso za watu. Aliandika kwa mkono wa kushoto, maandishi yakitoka kulia kwenda kushoto, hivi kwamba mtu huyasoma kwa urahisi akiyaweka mbele ya kioo.

Akiwa kijana alipelekwa Firenze kwa fundi mashuhuri, Andrea del Verrocchio. Huko alianza kama wanagenzi wote: kusaga rangi, kuandaa mbao, kufagia karakana. Mwaka 1472 aliandikishwa katika chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka. Katika picha ya Verrocchio ya Ubatizo wa Bwana, malaika mmoja aliyepiga magoti amechorwa na Leonardo, na hata mtu asiye mtaalamu akiitazama leo huona kwamba mkono uliomchora malaika yule si uliochora sehemu nyingine.

Lakini tabia moja ilijitokeza mapema, nayo ilimfuata hadi kufa: alianza mengi na kumaliza machache. Mwaka 1481 watawa Waagustino wa San Donato a Scopeto walimpa kazi ya kuchora Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu. Alichora mpangilio wake, akaacha. Watawa walisubiri miaka, mwishowe wakampa mchoraji mwingine kazi ya madhabahu yao. Picha ya Leonardo ipo hadi leo jijini Firenze, ikiwa bado haijakamilika.

Milano

Mnamo mwaka 1482 alihamia Milano, mji uliotawaliwa na Ludovico Sforza. Barua aliyoandaa ya kuomba kazi kwa mtawala huyo inashangaza. Karibu yote inaeleza uwezo wake wa kutengeneza madaraja ya vita, mizinga na magari ya kivita. Suala la uchoraji analigusa mwishoni tu.

Ludovico alimwagiza amtengenezee sanamu kubwa mno ya farasi kwa heshima ya baba yake. Leonardo alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akakamilisha mfano wa udongo wenye urefu wa zaidi ya mita 7. Mwaka 1494 vita vilikaribia, na shaba iliyotengwa kwa ajili ya farasi ikapelekwa kutengenezea mizinga. Miaka 5 baadaye askari wa Ufaransa walioteka mji walifanya mfano ule wa udongo shabaha ya mishale yao, ukabomoka.

Wakati huohuo Ludovico alikuwa akilipamba kanisa la Santa Maria delle Grazie, alilotaka liwe mahali pa maziko ya familia yake. Kando ya kanisa hilo ilikuwepo konventi ya Wadominikani. Ndipo Leonardo akapewa kazi ya kuchora Karamu ya Mwisho kwenye ukuta wa bwalo lao la chakula.

Sisi tunaoishi seminarini tunajua bwalo ni mahali pa namna gani. Kuna meza, sahani, kelele za vijiko, na siku nyingine ukimya huku msomaji akisoma somo la kiroho. Leonardo aliipaka picha yake mahali kama hapo. Aliweka meza ya Bwana juu kidogo ya vichwa vya watawa, akaipa kitambaa, sahani na mikate kama ya mezani kwao, ili ndugu wakila chakula chao waone kana kwamba bwalo linaendelea na Bwana anakula pamoja nao. Picha hiyo ina upana wa karibu mita 9 na kimo cha zaidi ya mita 4 na nusu. Nakala yetu ya sebuleni ni mtoto mdogo mbele yake.

Alifanya kazi hiyo kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi. Matteo Bandello, aliyekuwa pale konventini katika ujana wake, ameeleza kwamba siku nyingine Leonardo alipanda jukwaani alfajiri akachora hadi jua kuzama bila kula wala kunywa. Kisha zikapita siku tatu au nne bila kugusa brashi, akisimama tu na kuitazama kazi yake. Siku nyingine aliacha farasi wake wa udongo saa sita mchana jua likiwaka, akaja konventini, akaongeza mguso mmoja au miwili, akaondoka.

Mwandishi Giorgio Vasari anasimulia kwamba mkuu wa konventi alichoka kusubiri akamshtaki kwa Ludovico. Leonardo akajibu kwamba mtu wa akili hufanya kazi zaidi anapoonekana hafanyi kitu. Akaongeza kwamba bado anatafuta uso wa Yuda, na kwamba akiukosa kabisa, uso wa mkuu wa konventi upo.

Dakika ipi?

Wachoraji wengi wa Firenze waliomtangulia walimweka Yuda peke yake upande wa pili wa meza, mbali na wenzake, ili kila mtu amtambue mara moja. Ndivyo walivyofanya Andrea del Castagno na Domenico Ghirlandaio. Ukiingia katika mabwalo waliyoyachora, humtafuti Yuda, umeshaonyeshwa.

Leonardo hakufanya hivyo. Alichagua dakika ile Bwana Yesu ametamka kwamba mmoja wa walioketi naye atamsaliti, na neno hilo limeangukia meza kama jiwe katika maji. Mawimbi yanatoka katikati yakienda pembeni. Mitume wamegawanyika katika makundi manne ya watu watatu watatu. Katika daftari zake Leonardo alikuwa amejiandikia namna watu wanavyopokea habari ya ghafla: mmoja anaweka chini kikombe alichokuwa anakinywea, mwingine anafumba vidole na kumgeukia jirani, mwingine anainua mabega na kufungua viganja.

Tuwataje basi, tukianzia kushoto kwetu. Bartolomeo amesimama mwishoni mwa meza, kisha Yakobo Mdogo, na Andrea aliyeinua viganja vyote viwili. Kundi la pili ni Yuda, Petro na Yohane. Baada ya Bwana Yesu wapo Tomaso aliyeinua kidole, Yakobo Mkubwa aliyetanua mikono, na Filipo aliyeweka mikono kifuani kana kwamba anauliza kama ni yeye. Mwisho wapo Mathayo, Tadei na Simoni. Majina haya hatukuyabuni. Katika kanisa la Ponte Capriasca nchini Uswisi ipo nakala ya zamani ya picha hii, na chini yake yameandikwa majina ya Mitume.

Hapo ndipo dai la ile riwaya linapojibiwa. Riwaya inasema kwamba yule mwenye uso laini na nywele ndefu upande wa kuume wa Bwana ni Maria Magdalena. Tujibu kwa utulivu. Kwanza, tuhesabu. Mezani wapo watu kumi na watatu. Kama yule ni Magdalena, Yohane yuko wapi? Pili, desturi ya wachoraji wa Italia ilikuwa kumchora Yohane kijana asiye na ndevu, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mdogo kuliko wote. Tatu, na hili ndilo kubwa, Injili ya Yohane yenyewe inasimulia kwamba Petro alimfanyia ishara yule mwanafunzi aliyependwa ili amwulize Bwana ni nani atakayemsaliti. Tazama picha: Petro amejiinamisha nyuma ya Yuda, ameweka mkono begani kwa Yohane na kumnong'oneza. Leonardo alichora kile kilichoandikwa katika Injili. Hakuna siri hapo, ila mtu asiyesoma Injili ataiona siri.

Yuda naye yuko palepale kati ya ndugu. Ameshika mfuko wa fedha, amerudi nyuma kidogo, uso wake uko kivulini. Mkono wake wa kushoto unaelekea sahani, na mkono wa kuume wa Bwana unaelekea sahani hiyohiyo. Mkono mwingine wa Bwana umefunguka, kiganja juu, kuelekea mkate. Kwa hiyo katika mikono miwili ya Yesu tunaona mambo mawili ya usiku ule: usaliti unaotajwa na Ekaristi inayotolewa. Anayesalitiwa hakufunga mkono wake.

Hadithi ya mimbarini

Sasa tuje kwenye hadithi tuliyoigusa mwanzoni. Inasimuliwa kwamba Leonardo alimtafuta kijana mwenye uso safi akamchora kuwa Yesu. Miaka mingi ikapita, akamtafuta mtu aliyeharibika kwa dhambi ili amchore kuwa Yuda, akampata gerezani. Mtu yule alipoiona picha akalia na kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa Yesu miaka ile.

Ni hadithi inayogusa moyo, na waamini hunyamaza kimya wanapoisikia. Lakini si ya kweli. Kazi yote ilichukua miaka kama 3 au 4, na wala Bandello aliyeona kwa macho yake, wala Vasari aliyependa sana visa, hawakuitaja. Daftari za Leonardo zinaonyesha alivyofanya kazi: alitumia watu mbalimbali, na alijiandikia hata jina la mtu mmoja wa Parma ambaye angemfaa kwa mkono wa Kristo.

Ndugu waseminari, hili ni jambo zito kwetu. Muumini akigundua kwamba mhubiri wake amemsimulia uongo mzuri kuhusu picha, atajiuliza kama yale mengine aliyomweleza kuhusu kaburi tupu nayo ni ya namna hiyo. Na tena, ukweli una mafundisho makali zaidi. Hadithi ya gerezani inatufanya tumhurumie mtu mmoja wa zamani. Picha yenyewe inatuweka mezani, mahali ambapo kila mmoja anajiuliza kama ni yeye.

Ukuta ulioanza kubomoka

Wachoraji wa kuta walizoea mbinu iitwayo fresko: rangi hupakwa kwenye lipu ikiwa bado mbichi, na vikikauka pamoja huwa kitu kimoja. Lakini fresko inataka haraka. Leonardo alitaka kusimama, kufikiri na kurudia. Basi akapaka rangi juu ya ukuta mkavu kana kwamba ni ubao. Alipata uhuru alioutaka, ila rangi haikushikana na ukuta. Kabla hajafa picha ilikuwa imeanza kuharibika. Mwaka 1652 mlango ulipanuliwa katika ukuta huo, miguu ya Bwana ikakatwa. Wakati wa Napoleon askari walilitumia bwalo kama zizi la farasi. Agosti 1943 bomu liliangusha paa na ukuta wa kando. Ukuta wa picha ulibaki umesimama, umekingwa kwa mifuko ya mchanga. Kazi kubwa ya kuusafisha na kuuhifadhi, iliyoongozwa na mama Pinin Brambilla Barcilon, ilichukua zaidi ya miaka 20 na ikamalizika mwaka 1999. Leo wageni huingia wachache wachache na kukaa kama robo saa tu.

Miaka ya mwisho

Leonardo aliondoka Milano mwaka 1499. Alirudi Firenze, ambako mnamo 1503 alianza kumchora yule mwanamke tunayemwita Mona Lisa. Katika hospitali ya Santa Maria Nuova alizungumza na mzee aliyesema amefikisha miaka mia, akamwona akifa kwa utulivu kitandani, kisha akapasua mwili wake ili aelewe sababu ya kifo kitulivu namna ile. Kurasa elfu kadhaa za daftari zake zimebaki, lakini hakuchapisha hata kitabu kimoja. Picha zake zinazokubalika kuwa ni zake hazifiki 20.

Kuhusu imani yake tuwe wakweli. Vasari mwaka 1550 aliandika kwamba Leonardo alijali falsafa kuliko Ukristo. Katika toleo la 1568 aliyaondoa maneno hayo. Sisi hatuwezi kuuona moyo wa mtu. Tunachoweza kusoma ni wosia wake.

Baada ya kukaa Roma kuanzia 1513, enzi ya Papa Leo X, alialikwa Ufaransa na Mfalme Francis I, akapewa nyumba mjini Amboise. Mwaka 1517 mgeni mmoja aliyefika na Kardinali Luigi wa Aragona aliona kwamba mkono wake wa kuume umepooza. Tarehe 23 Aprili 1519 aliandikisha wosia. Aliikabidhi roho yake kwa Mungu, kwa Bikira Maria, kwa Malaika Mkuu Mikaeli na kwa malaika na watakatifu wote. Aliagiza Misa za kumwombea, na kwamba maskini 60 wabebe mishumaa 60 katika mazishi yake na walipwe kwa kazi hiyo. Vasari anasema kwamba aliungama na kupokea Sakramenti Takatifu akiwa ameshikiliwa na marafiki, kwa kuwa hakuweza kusimama. Alifariki tarehe 2 Mei 1519, akiwa na umri wa miaka 67. Inasimuliwa pia kwamba alifia mikononi mwa mfalme, lakini siku iliyofuata ilitolewa hati ya kifalme mbali na Amboise, kwa hiyo hadithi hiyo nayo ina mashaka.

Mtu huyu aliacha nyuma yake farasi asiyekuwepo, madhabahu isiyokamilika, na ukuta unaobomoka. Hata hivyo, kwa ukuta huo mmoja, amewakalisha mamilioni ya watu mezani pa Bwana, wakiwemo bibi na mama zetu ambao hawakuwahi kusikia jina lake.

Basi, mpendwa msomaji, jioni ya leo ukiketi kula, inua macho uitazame picha ya sebuleni. Usianze kwa kumtafuta Yuda, wala usitafute siri. Tazama mikono ya Bwana, mmoja ukielekea sahani ya msaliti, mwingine ukielekea mkate. Kisha ujiulize lile swali ambalo Mitume wote walijiuliza usiku ule. Na watoto wakikuuliza ni nani aliyeichora, sasa unalo jibu.